NYOTA, AJIRA NA DADA ZETU

(Hotuba iliyosomwa na mhitimu mwenzetu, mtumishi wa Serikali, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wahitimu. Tunaichapa kama alivyoisoma. – Mhariri)



Kamati iliniarifu kwa barua kwamba katika kisanduku cha maswali ya wanafunzi lilikutwa swali moja ambalo kila mzee aliyeonyeshwa alimsukumia mwenzake. Swali lenyewe ni fupi: mtu akisomea habari za nyota atapata kazi? Na kama kazi ipo, ni ya wanaume tu? Kwa kuwa nilisoma fizikia chuo kikuu, na kwa kuwa utumishi wangu umenikalisha miaka mingi mbele ya mafaili ya watu wanaotafuta kazi, Kamati iliona mzigo huu unanifaa mimi. Nitajitahidi kuubeba.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Hapa kwetu pwani ukitaja unajimu, watu hukaa sawa wakingojea kutabiriwa. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, alijulikana nchi nzima kwa utabiri wake, na mpaka leo wapo wanaoulizia nyota zao kabla ya kufunga safari au ndoa. Sizungumzi habari hizo. Nazungumza juu ya falaki, yaani elimu ya kuzipima nyota, sayari, jua na mwezi: viko umbali gani, vimefanyika kwa kitu gani, vinakwenda kwa mwendo gani. Elimu hiyo ni tawi la fizikia na hisabati, na mwalimu wake mkubwa ni vipimo.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wakulima waliitazama Kilimia ili wajue majira ya shamba, na jina lenyewe limetokana na kulima. Walisema Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hayo si maneno ya kujifurahisha. Kundi lile la nyota hututoweka machoni mwezi wa Mei, masika yangali yakinyesha, na huonekana tena alfajiri ya mwezi wa Juni mvua zikiwa zimepungua. Hali kadhalika akina mama wetu wanaolima mwani na kuvua pweza katika mwambao wa Mkinga na Pangani hawashuki pwani kwa kubahatisha. Wanajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba katikati yake ni maji mafu. Mtu anayepanga kazi zake za mwezi mzima kwa kuhesabu siku za mwezi anaitumia falaki, ingawa hana cheti. Nawaombeni mlishike jambo hilo.

Mungu pia ametupa mahali pazuri. Tanga iko kiasi cha digrii 5 kusini ya Ikweta. Kwa sababu hiyo mtu aliyesimama Raskazone usiku usio na mawingu anaweza, kwa mwaka mmoja, kuziona karibu nyota zote zionekanazo kwa macho kutoka duniani, za kaskazini na za kusini pia. Watu wa London hawana bahati hiyo.

Wala sura za elimu hii ya kisasa hazikuandikwa zote ng'ambo. Ukitoka hapa ukavuka mpaka Horohoro, ukaipita Mombasa na Malindi, utafika Ngomeni. Huko, katika miaka ya 1960, Waitaliano wa Chuo Kikuu cha Roma wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, yaliyoitwa San Marco. Walichagua pwani yetu kwa sababu karibu na Ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupanda. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani yenye uzito wa kilo 140 na ushei. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuzitazama mbingu kwa miali ya eksirei, ile miali tunayopigiwa picha za mifupa hospitalini. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilifanya kazi mpaka mwaka 1973, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo ilitaja vyanzo 339 vya miali hiyo angani. Vipimo vyake vilisaidia kuwasadikisha wataalamu kwamba kweli yako mashimo meusi, yaani maiti za nyota zenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wanasayansi wa kazi ile, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Na meneja wa mradi ule, aliyeileta setilaiti Ngomeni na kupendekeza jina la Uhuru, alikuwa mwanamke: Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme. Mwaka 1951 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington huko Marekani.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni huyo mama mwenyewe. Ya pili inatuhusu sisi. Roketi iliondokea kwetu na jina lilikuwa letu, lakini kazi ya kuyasoma matokeo, ambayo ndiyo iliyozaa ajira na heshima, ilifanyika Marekani. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki ndiyo kwanza kilikuwa kimegawanywa, Julai 1970, kuwa vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, na wasomi wetu wa fizikia walikuwa wachache mno. Ngomeni ilirusha roketi yake ya mwisho mwaka 1988. Bahati ikipita mahali pasipo watu waliotayarishwa, huacha vyuma tu.

KAZI IPO AU HAIPO?

Sasa nilijibu swali la kwanza bila kuzunguka. Kijana anayetaka kulipwa mshahara kwa kutazama nyota, na asifanye kingine, ajue kwamba mlango ni mwembamba. Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ulioanzishwa mwaka 1919, una wanachama zaidi kidogo ya 12,000 ulimwenguni kote. Hao wote tungeweza kuwakaribisha katika Uwanja wa Mkwakwani siku moja. Hata Ulaya na Marekani, mwenye shahada ya uzamivu kwa kawaida hupewa mkataba wa miaka miwili au mitatu. Ukiisha hutafuta mwingine, pengine katika nchi nyingine, na wengi hawafikii ajira ya kudumu. Na hapa nyumbani, katika miaka yangu yote ya utumishi, sijapata kuona tangazo la Serikali la nafasi ya mwanafalaki. Elimu hii imeshikiliwa na walimu wachache wa fizikia wenye moyo, kama Dk. Noorali Jiwaji aliyefundisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na ambaye kwa miaka mingi amewaeleza wananchi mambo ya anga. Jua lilipopatwa kipete tarehe 1 Septemba 2016 na watu wakamiminika Rujewa, wilaya ya Mbarali, nchi nzima iliona jinsi watu wetu walivyo na kiu ya maelezo, na jinsi waelezaji walivyo wachache.

Lakini ningeishia hapo ningekuwa nimesema nusu ya ukweli. Mwanafalaki wa leo mara chache huweka jicho kwenye darubini. Darubini humwaga tarakimu kwenye kompyuta, na kazi yake ni kuandika programu, kuzichambua hizo tarakimu, na kutenga habari ya kweli na makelele. Ujuzi huo unatafutwa na mabenki, makampuni ya simu na ya bima, hospitali zenye mashine za picha, wapima ardhi, na wale wanaosoma picha za setilaiti ili wajue mazao yamestawi au yamekauka. Wengi waliotoka katika falaki ndiko walikokwenda, na hawakulala njaa.

Tazameni majirani. Afrika Kusini ilizindua mwaka 2018 darubini ya redio iitwayo MeerKAT, yenye masufuria 64, na tangu Desemba 2022 inajengwa hapo hapo Karoo nyingine kubwa zaidi, ambayo ikikamilika itakuwa na masufuria 197. Nchi nane za Kiafrika zilijiunga nayo kama washirika, zikiwemo Kenya, Msumbiji na Zambia, na vijana wao wamekuwa wakipewa mafunzo ya redio, kompyuta na uchambuzi. Tanzania haimo katika orodha hiyo. Kenya iliunda Wakala wake wa Anga mwaka 2017, na mwaka 2023 ikarusha setilaiti yake iitwayo Taifa-1. Nairobi pia yupo Bibi Susan Murabana, ambaye pamoja na mumewe walianzisha mwaka 2014 shughuli ya kuzungusha darubini mashuleni. Hakungoja tangazo la kazi. Aliibuni kazi, na watoto waliotazama pete za Zohali kwa macho yao ni wengi.

Na kwetu ziko kazi zilizo jirani na falaki, ambazo msingi wake ni ule ule wa fizikia na hisabati. Kubwa ni ya hali ya hewa. Kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu mwezi wa Mei 2024, wavuvi na wenye vyombo walikuwa wameshatangaziwa, kwa sababu walikuwapo watu waliofunzwa kusoma picha za setilaiti. Mafunzo hayo hutolewa Kigoma, kwenye Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa, na pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo nasaha yangu kwa vijana ni hii: nyota zikuvute, lakini hisabati ndiyo ikushike. Mwenye hisabati akiikosa nafasi ya nyota ataipata ya mvua, na akiikosa ya mvua ataipata ya benki. Asiye nayo atabaki na mshangao tu.

JE, NI KAZI YA WANAUME?

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha kumtaja Bibi Townsend. Mtaniambia mmoja haleti masika. Ni kweli, na historia inaonyesha kwamba wanawake hawakukosekana katika kazi hii tangu zamani. Walichokosa ni cheo, mshahara na jina.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita kituo cha nyota cha Chuo cha Harvard kiliajiri wanawake kuhesabu na kupanga nyota zilizopigwa picha kwenye vioo, kwa ujira wa kama senti 25 za Kimarekani kwa saa. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, alionyesha mwaka 1912 njia ya kupima umbali wa nyota kwa kutazama namna mwanga wake unavyopanda na kushuka. Edwin Hubble aliitumia njia hiyo miaka ya 1920 kuthibitisha kwamba yako makundi mengine ya nyota nje ya hili letu. Cecilia Payne alisoma Cambridge, ambako wakati ule mwanamke hakupewa shahada, akahamia Marekani, na mwaka 1925 tasnifu yake ikaonyesha kwamba nyota zimefanyika kwa haidrojeni zaidi ya kitu kingine chochote. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1956. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu, aligundua nyota zinazotoa mapigo ya redio kama moyo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 kwa ugunduzi huo ilikwenda kwa msimamizi wake.

Leo hali inabadilika. Katika Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki wanawake ni kama mmoja kwa kila watano, lakini miongoni mwa vijana sehemu yao ni kubwa zaidi. Huko Marekani wamefikia kama wanne katika kila kumi wanaopata shahada ya uzamivu ya falaki. Umoja huo ulipata rais wa kwanza mwanamke, Catherine Cesarsky, mwaka 2006, na kuanzia 2015 hadi 2024 marais watatu walifuatana, wote wanawake. Mkutano wake Mkuu ulipofanyika Cape Town Agosti 2024, kwa mara ya kwanza katika bara letu, Afrika ilikuwa tayari na mtandao wake wa wanawake wanafalaki, ulioanzishwa mwaka 2020. Na hapa nyumbani, Dk. Agnes Kijazi aliiongoza taasisi yetu ya hali ya hewa kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2019 akachaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani.

Ni nini kilichobadilika? Mimi ni mtu wa mafaili, basi niwape mfano wa mafaili. Wataalamu wanaotaka kuitumia darubini ya Hubble iliyoko angani hupeleka maombi, na wanaopewa ni wachache sana. Kwa miaka mingi wanaume walipewa kwa kiwango kilichowazidi wanawake. Mwaka 2018 waamuzi wakaanza kusoma maombi yaliyofichwa majina. Mara hiyo hiyo wanawake wakafaulu kwa kiwango kilichowazidi wanaume kidogo, jambo ambalo halikuwa limetokea katika miaka yote iliyochunguzwa kabla yake. Hakuna aliyependelewa. Ni jina tu lililoondolewa mezani. Sisi Watanzania tusingepaswa kushangaa, maana kila mmoja wetu hapa alifanya mtihani wa Taifa kwa namba, na msahihishaji hakujua kama anasahihisha karatasi ya Mwanaidi au ya Hamisi.

MFUKO WETU WA ELIMU

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lililonileta. Kanuni za Mfuko wetu wa Elimu ziliandikwa shule hii ilipokuwa ya wavulana watupu. Zinasema msaada utatolewa kwa "mwanafunzi mvulana" wa kidato cha tano na sita anayesoma sayansi. Walioandika hawakukosea, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Lakini leo mkiingia darasa la fizikia na hisabati hapa hapa mtawakuta wasichana. Ada ya vidato hivyo ilifutwa mwaka 2022, lakini nauli, godoro, vitabu na kikokotoo bado ni mzigo wa mzazi, na Mfuko wetu umeandikwa ili usiweze kumsaidia msichana hata akiwa wa kwanza darasani na yatima.

Nimezisikia hoja za wanaopinga, na ni watu ninaowaheshimu. Wapo wasemao kwamba msichana ataolewa na fedha zitapotea. Ndugu zangu, mimi nilisomea fizikia nikaishia mafailini, na hapa ukumbini wapo wanafizikia wenzangu wanaouza vipuri na wengine wanaoongoza vyama vya ushirika. Hakuna aliyewahi kudai kwamba elimu yetu ilipotea. Mbona ya msichana ndiyo ipotee kwa kuwa ameolewa?

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema kwamba siku hizi wasichana wana wafadhili wengi, ilhali wavulana wa pwani wanakimbilia uvuvi na bodaboda. Ni kweli kwamba katika vidato vya chini idadi ya wasichana nchini imeipita ya wavulana, na ni kweli kwamba mvulana anayeacha shule hana wa kumlilia. Sitaki Chama hiki kimsahau. Lakini huyo anayeacha kidato cha pili hafikiwi na Mfuko wa kidato cha tano, tuwe au tusiwe na wasichana. Akihitaji msaada, na anauhitaji, tuubuni msaada wake tukiwa tumemkusudia yeye. Kumfungia dada yake mlango hakumrudishi darasani.

Hoja ya tatu ni ya Mweka Hazina, nayo ni hesabu tupu: fedha ni zile zile. Nakubali. Msichana mmoja akiingia, huenda mvulana mmoja akakosa. Sitawaficha jambo hilo. Ninachosema ni kwamba atakayekosa awe yule mwenye alama ndogo au mwenye uwezo nyumbani, asiwe yule aliyezaliwa mwanamke.

Yule Jocelyn Bell niliyemtaja, mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine yenye dola milioni tatu. Zote alizitoa ziwe ufadhili wa wanafunzi wa fizikia wanaotoka katika makundi ambayo hayaonekani sana katika elimu hiyo, wanawake wakiwamo. Sisi hatuna dola milioni tatu. Tuna michango yetu ya kila mwaka, na neno moja katika kanuni ambalo kulifuta hakugharimu hata senti.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo mawili. La kwanza, katika kanuni za Mfuko neno "mvulana" lifutwe, libaki neno "mwanafunzi". La pili, kuanzia mwaka ujao Katibu awape wajumbe wa Kamati ya Mfuko maombi yenye namba tu, alama za fizikia na hisabati, na maelezo ya hali ya nyumbani, pasipo jina la mwombaji wala jina la baba yake. Jambo hili la pili litatusaidia hata baina ya wavulana wenyewe, maana sote tunajua mji wetu ni mdogo na majina ya baba zetu yanajulikana.

Kwa vijana walioandika swali, jibu langu ni kwamba kazi ipo kwa aliyejitayarisha, na nyota hazijui anayezitazama ni nani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.